Tepe Nyekundu za Nkowe

Nachingwea, 2 Juni

Leo nimeanza kazi kama mratibu wa njia wa Mwendo wa Kusini, kampuni changa inayoandaa safari za makundi kwa baiskeli. Naianza shajara hii siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtu anayetaka kuaminiwa na ofisi hana budi kutunza kumbukumbu za kazi yake. Mkataba wangu ni wa majaribio na unakoma mwishoni mwa Agosti. Mkurugenzi wetu, Bwana Gaudens, aliyeko Dar es Salaam, alinieleza kwa simu bila kuzunguka: nikifanikisha safari kubwa ya wiki ya Nane Nane, kutoka Nachingwea kupitia Naipingo hadi Nkowe na kumalizia Ruangwa mjini, nitaajiriwa moja kwa moja. Nisipoifanikisha, shughuli za kusini ataachiwa Halfani.

Halfani ni fundi baiskeli na kiongozi wa msafara, mzaliwa wa Nkowe, mtu wa miaka thelathini na kitu, si mwingi wa maneno. Alinipokea stendi, akabeba begi langu, akaniuliza swali moja tu.

"Dada Fauzia, wewe umesomea nini hasa?"

Nilimjibu kwamba nina shahada ya usimamizi wa utalii. Akarudia neno "usimamizi" taratibu, kisha akanipeleka nyumbani kwa shangazi Hadija, ninakoishi. Nimeliweka jambo hilo akilini. Mtu ambaye kazi yangu ikiharibika yeye ndiye anayefaidika, ni wa kutazamwa.

7 Juni

Idi. Nimekula pilau kwa shangazi hadi aibu. Hakuna kazi.

12 Juni

Nimekamilisha barua za utambulisho. Nilizipeleka wilaya zote mbili, Nachingwea na Ruangwa, zikagongwa mihuri bila usumbufu. Nimefurahi kuona taratibu zikienda kwa ufanisi.

Mchana nilinunua tepe za kuonyeshea njia katika duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alinitolea bunda la utepe mwekundu wa plastiki, akasema ndio ule ule walioutumia watu wa upimaji mwaka jana walipokuwa wakitafuta madini, na kwamba haufifii juani. Nikaona ni sifa kubwa. Halfani alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama utepe, akanitazama mimi, akatoka nje.

19 Juni

Tumeanza kufunga tepe kuanzia Naipingo. Njia yangu inaacha barabara kuu na kupita kwenye vijia vya mashambani, katikati ya mikorosho, ili wageni wapate kivuli na mandhari. Ninafunga utepe mmoja kwenye mkorosho kila palipo na njia panda. Asubuhi za kipupwe ni za baridi kuliko nilivyodhani mimi niliyekulia Morogoro, na vidole vinakataa kufunga fundo.

Ramani nimeichora mwenyewe kwenye simu. Nimeamua ibaki kwangu tu.

Tulipokuwa tukirudi Halfani aliuliza, "Dada, hivi hii njia inaishia wapi hasa?"

"Ruangwa. Unajua."

"Najua Ruangwa. Nauliza hizi alama. Utepe ukiwa mti wa kulia, ule wa kushoto nao umo?"

Swali gani hilo? Nilihisi anataka kuujua mfumo wangu wote apate kuuwasilisha kwa Bwana Gaudens kama wake. Nikamjibu kwa adabu kwamba hayo ni ya ofisi.

23 Juni

Tepe zote za upande wa Naipingo zipo. Za upande wa Nkowe, kadhaa hazipo.

24 Juni

Nimezifunga upya. Nimekaza mafundo.

1 Julai

Hazipo tena, na jambo hili si upepo. Upepo haufungui fundo mara mbili ukaacha gome bila mkwaruzo. Nilimwuliza Halfani. Akasema labda watoto wamechukua kutengenezea mipira. Alisema bila kunitazama, huku akizungusha pedali ya baiskeli iliyokwisha kuwa nzima.

7 Julai

Saba Saba. Nimefua nguo. Shangazi anasema nimekonda.

12 Julai

Naandika kwa hasira, lakini nitajitahidi niwe sahihi.

Leo nilikwenda Nkowe peke yangu, bila kumwambia Halfani, nione kama tepe hutoweka asipojua nimekwenda. Nilikuta mambo mawili. La kwanza, watu hunyamaza ninapopita. Wanawake waliokuwa wakipepeta ufuta mbele ya nyumba walikuwa wakicheka, nikawasikia tangu mbali. Nilipofika walinyamaza wote, wakaitikia salamu yangu kwa mkupuo mmoja, wakaendelea kunyamaza mpaka nilipopita. Mzee mmoja aliyevaa koti juu ya kanzu alinifuata hadi mwisho wa shamba lake akaniuliza ninaandika nini kwenye simu. Nikamwambia ni majina ya vijiji. Akauliza, "Ya vijiji tu, au na ya wenyewe?" Nikamwambia ya vijiji. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyedanganywa na anajua.

La pili ni kwamba niliona utepe wangu mahali ambapo sikuufunga. Ulikuwa shambani ndani, mbali na kijia, kwenye mkorosho mkubwa. Mtu amezitoa tepe njiani akazipeleka kusikokuwa na njia. Hao si watoto. Huyo anataka wageni wapotee. Na ni nani anayeijua njia hii zaidi yangu, ila mmoja?

13 Julai

Nimemsikia Halfani akiongea na simu kwa Kimwera nyuma ya nyumba ya shangazi. Niliposogea alishusha sauti, kisha akakata. "Mama yangu," akasema, ingawa sikumwuliza.

20 Julai

Mikorosho inachanua. Asubuhi, kuanzia Nachingwea mpaka Naipingo, hewa yote inanuka salfa kama kiberiti kilichowashwa, maana wakulima wanapulizia maua yasiharibiwe na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Nilisikitika kwa ajili ya vifua vya wageni. Ajabu ni kwamba kipande cha Nkowe hakinuki hata kidogo, mabomba ya kupulizia yamekaa kimya. Nimeandika katika mpango wa safari kwamba eneo la Nkowe lina hewa safi kuliko sehemu nyingine zote.

29 Julai

Bwana Gaudens amepiga simu. Anataka kujua kama njia ipo tayari. Nilimwambia ipo. Baada ya kukata simu nilibaki nimekaa kitandani, sina raha.

30 Julai

Nimemwandikia Bwana Gaudens. Nimemweleza, kwa lugha ya heshima, kwamba tepe za njia zinahamishwa kwa makusudi na kwamba nina sababu za msingi za kumshuku Halfani. Nimeorodhesha sababu hizo. Alijibu jioni: "Asante kwa uwazi. Tumalize safari kwanza. Ukipata uthibitisho, nitajua la kufanya."

Halfani amenishonea tandiko la kiti cha baiskeli kwa kipande cha godoro, akasema safari ndefu itaniumiza. Nimelipokea. Nimelikagua pia.

5 Agosti

Nimefunga tepe kwa mara ya mwisho. Halfani alibaki mjini akirekebisha baiskeli za wageni, kwa agizo langu.

Nkowe, 8 Agosti

Viganja vyangu vimevimba kwa kushika usukani na magoti yananitetemeka hata nikiwa nimekaa. Hata hivyo nitaandika yote leo, kwa sababu kesho naweza kuanza kujipendelea.

Tuliondoka Nachingwea baada ya swala ya alfajiri. Wageni ni klabu moja ya Dar es Salaam, watu wa ofisini wenye baiskeli nzuri kuliko miguu yao. Wawili nitawataja: Eusebio, mfanyakazi wa benki asiyeishiwa mzaha, na Bi Sabaha, muuguzi mstaafu anayeendesha polepole bila kulalamika. Niliongoza mwenyewe. Halfani nilimpanga kwenye pikapu ya mizigo na maji, apite barabara kuu, atungoje Nkowe. Nilimwambia ni kwa usalama wa mizigo. Kwa kweli sikutaka awe karibu na tepe.

Mpaka Naipingo tulikwenda vizuri. Mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo aliziona fulana zetu za rangi moja, akapaza sauti, "Ninyi wa chama gani?"

"Chama cha makalio yanayouma, mama!" Eusebio akajibu, na pale kijiweni pote pakaangua kicheko. Nilianza kuamini kwamba siku itakuwa yangu.

Tulipoacha Naipingo kijia kiligeuka mchanga. Tairi zinazama, unashuka, unasukuma, unapanda, unazama. Jua likapanda. Nilikuwa nimepiga picha nyingi tangu alfajiri ili Bwana Gaudens azione, na kabla ya adhuhuri simu yangu ilizimika kwa kuishiwa chaji, ramani ikiwa ndani yake. Sikuhofu. Tepe zilikuwepo, na nilikuwa nimezifunga kwa mikono yangu siku tatu nyuma.

Basi tukafuata tepe. Zilikuwa nyingi. Mwanzoni nilifurahi, kisha nikaona kwamba ni nyembamba: mtu amezichana kwa urefu, mmoja ukawa mbili, mbili zikawa nne. Zilikuwa kulia, zilikuwa kushoto, kila mkorosho una wake. Tulizunguka nyuma ya nyumba moja, tukashuka bondeni, tukapanda, tukavuka shamba la mbaazi, na nikamwona mbuzi mweusi aliyefungwa kwenye kisiki.

"Mratibu," Eusebio akasema nyuma yangu, "huyu mbuzi sasa tunafahamiana. Mara ya tatu hii. Nadhani anataka namba yangu."

Hakuna aliyecheka. Maji ya chupa tulizobeba yalikwisha. Bi Sabaha alishuka kwenye baiskeli, akakaa chini taratibu kama anayetafuta kitu mchangani, akasema miguu imekaza na macho yanaona giza. Tulimlaza kivulini. Simu ya Eusebio na za wenzake hazikupata mtandao pale bondeni. Nilikuwa nimeyaweka maji yote ya akiba kwenye pikapu, na pikapu nilikuwa nimemkabidhi mtu niliyekuwa na hakika kwamba ndiye aliyenitega. Nilimpepea Bi Sabaha kwa kofia yangu ngumu, na moyoni namtungia Halfani barua ya kuachishwa kazi.

Ndipo nilipoona miche. Kando ya kijia, kwa mistari iliyonyooka, kulikuwa na miche ya mikorosho iliyopandwa karibuni, kila mmoja umekauka kama kijiti cha kuchokolea meno. Hata mimi wa Morogoro najua kwamba hakuna apandaye mkorosho mwezi wa nane, ardhi ikiwa kavu kama chungu. Nilikuwa bado naitazama watu walipotokea.

Walikuja na viti. Mbele alikuwa yule mzee wa koti juu ya kanzu, na nyuma yake wanaume kwa wanawake, wengine wamevaa nguo za sikukuu, viti vya plastiki vichwani. Mzee alisema anaitwa Shaibu. Alitusalimu kwa unyenyekevu ulionitisha.

"Karibuni wathamini. Tumewasubiri tangu Juni. Poleni na jua. Mtaanzia kwangu, maana mpaka wangu hauna mgogoro na mtu."

"Kwako kwa lipi?" mama mmoja akapaza sauti. "Muongo huyu! Miche yake kaipanda juzi. Hebu mwulizeni mvua aliitoa wapi!"

"Na wewe utepe ulionao uliutoa kwa nani? Si kwangu?"

"Uliruka na upepo."

"Ukaruka ukajifunga na fundo?"

Wakaanza kucheka na kusukumana, na mimi nikasimama katikati yao mdomo wazi. Nilielewa yote kwa pamoja, na ilikuwa kama kumwagiwa maji. Mwaka jana, nikakumbuka habari niliyoisikia Nachingwea bila kuitilia maanani, upande ule wa pili wa Ruangwa, watu wa upimaji walifunga tepe hizi hizi kwenye miti, na baada yake wakaja wathamini kuhesabu mikorosho kwa ajili ya fidia. Mimi nimezifunga msimu mzima katika mashamba ya watu bila kusema neno. Walioogopa kunyang'anywa shamba walizing'oa. Waliotaka fidia walizichukua wakazifunga kwao, na wengine wakapanda miche ili nayo ihesabiwe. Wote walinitazama nikipita na simu yangu, wakanyamaza.

Nilijieleza. Nilisema sisi si wathamini, tunaendesha baiskeli tu.

Mzee Shaibu alinisikiliza hadi mwisho. "Mmetoka Nachingwea kwa baiskeli."

"Ndiyo, baba."

"Mmeumia hivi. Huyu mama amezimia. Kesho mwende Ruangwa. Halafu?"

"Halafu tunarudi nyumbani."

"Kwa faida gani?"

Eusebio akasema, "Mzee, hata mke wangu huniuliza hivyo hivyo," lakini mzee hakutabasamu. Aliwageukia wenzake akasema kitu kwa Kimwera, na viti vikaanza kurudi vichwani. Hawakutuamini. Waliona tumekuja kuwahesabu kwa siri.

Ni mama mmoja tu mwenye kitambaa cheupe kichwani aliyebaki. Alileta ndoo ya maji na bakuli la uji wenye chumvi kidogo na sukari, akampa Bi Sabaha mkononi, kisha akatuita uani kwake, hatua chache kutoka pale. Tuliketi chini ya ukingo wa paa. Mkorosho wake ulio karibu na mlango ulikuwa umechanua, nao una utepe wangu, mzima, haukuchanwa. Nilisogea nione. Maua yalikuwa meupe, na sikuhitaji kusomea kilimo kujua kwamba si weupe wake: ni ule ubwiriunga ambao nimesikia ukizungumzwa Nachingwea tangu Julai. Kwenye ukuta, ndani ya mlango, niliona mfuko wa salfa uliosimama bado umeshonwa.

"Mama, shikamoo. Hukupulizia?"

"Marahaba, mwanangu. Mti ukishatiwa alama si wako. Kule kwa dada yangu waliambiwa msiguse kitu, msiendeleze kitu, mpaka waje. Ukigusa, hupati." Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua jingine. "Sasa mmekuja. Hesabuni. Mimi nimechoka kungoja."

"Nani alikwambia miti yako imetiwa alama?"

Alinishangaa. "Mwanangu wa kumzaa, Halfani. Si mnafanya naye kazi?"

Hapo ndipo pikapu ilipoingia uani. Halfani alikuwa ametungoja barabarani hadi akachoka, akaanza kututafuta shamba kwa shamba. Aliruka na dumu la maji, akamwona Bi Sabaha, akamwona mama yake, kisha akaniona mimi nimesimama chini ya ule mkorosho, mkono wangu juu ya utepe. Aliweka dumu chini.

"Kaka Halfani, hizi za hapa ulizihamisha wewe?"

"Za hapa kwa mama, mimi. Nyingine zilishaanza kutembea zenyewe."

Nilikuwa nimeingojea kauli hiyo tangu Julai. Nilidhani nitafurahi.

"Kwa nini?"

"Nijibu wewe kwanza. Huku unatafuta nini?"

"Njia ya baiskeli! Tangu siku ya kwanza!"

"Njia ya baiskeli, na ramani humwonyeshi mtu. Utepe ni ule ule wa wale watu, nimekuona ukiununua. Majina ya vijiji unaandika. Nikikuuliza, ya ofisi. Nikasema moyoni, baiskeli ni kisingizio tu, wametuma msichana msomi watu wasishtuke. Nikasema kama mashamba yanakwenda, angalau la mama lisiachwe nje." Alifuta uso kwa mkono uliojaa vumbi. "Dada, wewe ungekuwa na mama hapa, na mimi ndiye mwenye hayo makaratasi yako, ungewaza nini?"

Mama yake, Bi Mwanawetu, alikuwa akitutazama kwa zamu. Akamwuliza mwanawe kwa Kimwera. Halfani alijibu kwa maneno machache, kichwa kimeinama. Mama akaangalia maua yake, kisha akaingia ndani, na tukasikia akiuburuta mfuko wa salfa sakafuni. Hakutokeza tena mpaka tulipoondoka kwenda kulala shuleni.

Ruangwa, 9 Agosti

Tumefika. Leo Halfani aliongoza, kwa barabara kuu, mimi nikawa wa mwisho. Bi Sabaha amepona. Eusebio anasema hajawahi kupotea vizuri hivi na kwamba atarudi kumwona mbuzi wake. Wageni wamenipigia makofi.

Ujumbe wa Bwana Gaudens: "Hongera sana! Picha ni nzuri mno. Sasa niletee maelezo ya maandishi kuhusu Halfani, tumalizane naye, tuanze mwezi mpya na mkataba wako."

10 Agosti

Uthibitisho ninao. Amekiri mbele yangu. Ningeandika ukweli mtupu, sentensi mbili, na kusingekuwa na uongo hata mmoja ndani yake.

Sijaandika.

11 Agosti

Nimekwenda ofisi ya kijiji cha Nkowe, mahali ambapo nilipaswa kuanzia mwezi wa sita. Mihuri ya wilaya niliyojivunia haijawahi kufika pale. Mtendaji aliwaita watu, nikasimama nikawaeleza kwamba utepe ni wa kuonyesha njia tu, hauna thamani yoyote, hakuna shamba litakalochukuliwa wala kulipwa, na kwamba ambaye hajapulizia apulizie leo leo, apate kuokoa maua yatakayofuata.

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini kwamba mradi upo. Mmoja aliuliza kama mradi umeahirishwa. Mwingine alitaka kujua kwa nini nimekuja kuwaambia wapulizie: je, ili wapoteze haki? Yule mama aliyemwuliza Mzee Shaibu habari za mvua alisema, "Angekuwa hana jambo, asingekuja kutueleza kwamba hana jambo." Watu wakaitikia. Nilipotazama nyuso zile nilizitambua. Ndivyo nilivyokuwa nikimtazama Halfani akizungusha pedali.

14 Agosti

Nimetuma maelezo. Nimeandika kwamba Halfani alihamisha tepe za shamba la mama yake. Kwamba wengine wengi walifanya hivyo. Kwamba sababu ni mimi, niliyefunga alama za wapimaji katika mashamba ya watu bila kupita ofisi za vijiji na nikamficha mwenzangu ramani kwa kumdhania. Kwamba mgeni alizimia kwa sababu niliyapeleka maji njia nyingine. Na kwamba tuhuma zangu za tarehe 30 Julai nazifuta. Niliyasoma mara nyingi nikitafuta sentensi ya kujipamba. Nilizipata kadhaa, nikazitoa.

15 Agosti

Upepo, vumbi. Hakuna jibu.

18 Agosti

Jibu limekuja, fupi. Bwana Gaudens anashukuru kwa uwazi wangu. Halfani ataendelea. Kwa upande wangu, mkataba utaisha kama ulivyopangwa, na kampuni itatafuta mratibu mwenye uzoefu wa kushughulika na jamii. Shangazi Hadija aliniuliza kwa nini sikunyamaza tu. Nimemwambia sijui. Nilitamani kulia, nikaosha vyombo.

25 Agosti

Nimemaliza kufungua tepe, Naipingo mpaka Nkowe, mimi na Halfani. Zilizochanwa zinachukua muda. Wengine walitukabidhi wenyewe mkononi. Wengine walitusimamia huku wamekunja mikono, wakihesabu tunazotoa. Leo, kwa mara ya kwanza, asubuhi ya Nkowe imenuka salfa. Si mashamba yote, lakini mabomba kadhaa yalikuwa yakilia.

Shamba la mwisho lilikuwa la Bi Mwanawetu. Halfani alikuwa amembebea bomba tangu alfajiri. Vumbi la salfa lilikuwa limetanda hadi nyusi zake zimekuwa za njano. Maua ya mwanzo yamekwisha. Ya pili yanatoka, na Halfani anasema atapata kitu, si kama mwaka jana. Tulitoa tepe zote isipokuwa ule wa mkorosho wa mlangoni. Niliponyoosha mkono, mama aliushika.

"Uache."

"Mama, nimekwambia, hauna maana yoyote."

"Nimesikia. Kama hauna maana, ukikaa unakuudhi nini?"

Nilimtazama Halfani. Akainua mabega. "Wiki mbili sasa namwambia," akasema. "Anasema sisi ndio tuliomfunza kutoamini maneno."

Basi nikauacha. Nikaaga, nikapanda baiskeli, na Bi Mwanawetu akanisindikiza kwa miguu mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa. Nilimshukuru nikamwomba arudi, jua ni kali. Hakurudi. Alisimama ukingoni, mkono juu ya macho, na kila nilipogeuka nilimkuta pale pale, mpaka kona ikanificha. Wakati mwingine ningeandika kwamba ni heshima. Lakini nimekaa msimu mzima nikiwatazama watu kwa jicho lile lile, na ninalifahamu: alikuwa anahakikisha kwamba nimeondoka kweli.